Madaftari Manne na Polipu Moja: Uchambuzi wa Kisa cha Damu Katika Choo, Mwanza

Mgonjwa wa kisa hiki ni fundi wa mitumbwi mwenye umri wa miaka 52, mzaliwa wa Ukerewe, ambaye kwa zaidi ya miaka ishirini amekuwa akiunda na kukarabati mitumbwi ya mbao ufukweni, upande wa Kirumba, jijini Mwanza. Alipofika katika zahanati ninakofanya kazi kama tabibu, mwezi Machi 2023, hakulalamikia damu wala tumbo. Alilalamikia mbao. Alisema kwamba ubao ambao zamani aliubeba peke yake sasa unamlazimu kupumzika mara mbili kabla ya kuufikisha kwenye mtumbwi, na kwamba vijana wake wa kazi wameanza kumwita mzee kwa sauti ya huruma badala ya ile ya heshima. Ameridhia kisa chake kiandikwe, na mambo machache ambayo yangeweza kumtambulisha nimeyabadilisha.

Viganja vyake vilikuwa vyeupe na ndani ya kope hapakuwa na wekundu wa kutosha. Kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu. Himoglobini yake ilikuwa gramu 7.4 kwa desilita, wakati mwanaume mzima anatarajiwa kuwa na 13 au zaidi, na chembe nyekundu zilikuwa ndogo na zilizopauka, jambo linaloashiria kwamba mwili umeishiwa madini ya chuma. Hapa ndipo pa kusimama kidogo. Katika Kanda ya Ziwa upungufu wa damu una sababu nyingi zinazojulikana, kuanzia malaria na selimundu hadi minyoo ya safura, na kwa sababu hiyo umezoeleka kiasi kwamba jibu la kwanza la karibu kila mtu, nami nikiwamo, ni vidonge vya kuongeza damu na ushauri wa kunywa juisi ya rozela. Lakini mwanaume hana hedhi wala hazai, na huyu alikula samaki karibu kila siku. Chuma chake hakikukosekana mezani. Kilikuwa kinatoka mwilini, na kwa mwanaume wa umri ule tumbo ndilo la kushukiwa kwanza mpaka lithibitishwe kuwa halina kosa.

Nilimwuliza kama amewahi kuona damu akienda haja kubwa. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake na jirani wa siku zote, kisha akafungua mfuko wa nailoni, mmoja wa ile iliyosalia majumbani baada ya kupigwa marufuku mwaka 2019, akatoa madaftari manne.

Msomaji asiyeishi huku huenda asielewe uzito wa madaftari hayo. Mgonjwa wa zahanati zetu hutembea na historia yake mwenyewe katika daftari la shule la kurasa chache. Likijaa hununua jingine, na mara nyingi lile la zamani huwashia moto jikoni au hubaki kijijini. Kwa hiyo kila tabibu huanza na ukurasa mweupe, na ugonjwa wa miaka kumi huonekana kila mara kama ugonjwa wa wiki hii. Fundi huyu, kwa tabia ile ile inayomfanya ahifadhi misumari iliyopinda, hakutupa hata daftari moja.

Nilisoma yote nikiwa nimekaa naye. Mwaka 2013 alikwenda kwa damu kidogo katika choo. Choo kilipimwa, mayai ya kichocho yakaonekana, akapewa prazikwanteli, dawa ya kichocho. Mwaka 2015 damu tena, safari hii imeandikwa bawasiri, dawa ya kupaka. Mwaka 2016 choo laini chenye damu na kamasi: amiba, metronidazoli. Mwaka 2018 damu: kichocho, bila kipimo chochote kuandikwa, prazikwanteli tena. Agosti 2019 damu nyekundu juu ya choo kigumu: bawasiri, anywe maji mengi na kula mboga. Mwaka 2021 uchovu na damu ya hapa na pale: vidonge vya madini ya chuma. Katikati yake kulikuwa na mahudhurio mengine madogo, jumla kumi na moja yaliyotaja damu, katika zahanati na vituo vitatu tofauti. Mwandiko wa Agosti 2019 nilioutazama kwa muda mrefu kuliko mingine ulikuwa wangu.

Sitaki kuandika kana kwamba watu kumi na mmoja walikuwa wajinga, kwa sababu hawakuwa. Kichocho cha tumbo ni ugonjwa wa kila siku wa watu wanaokanyaga maji ya ziwa hili. Viluwiluwi vya mdudu huyo hutoka kwenye konokono wa majini, hupenya ngozi ya mtu aliyesimama majini, na minyoo ikishakomaa huishi katika mishipa ya damu inayozunguka utumbo, ikitaga mayai ambayo hulazimisha njia kupitia ukuta wa utumbo ili yatoke na choo. Mengine hukwama ukutani, yakaleta uvimbe na vidonda vinavyotoa damu. Fundi wa mitumbwi anayesimama maji ya magoti asubuhi hadi jioni, akitoa choo chenye damu na mayai yakaonekana kwenye darubini, ana kichocho, na kumpa prazikwanteli ni tiba sahihi. Daftari la 2013 halina kosa. Kosa lilianza pale ambapo jibu la 2013 liligeuka kuwa jibu la kila damu iliyofuata.

Tena ugonjwa wenyewe ulisaidia kutudanganya. Uvimbe mdogo ulioota ndani ya utumbo hautoi damu kila siku. Hukwaruzwa na choo kigumu leo, ukatulia wiki tatu, ukakwaruzwa tena. Kwa hiyo dawa yoyote iliyotolewa siku ya damu huonekana kuwa imefanya kazi, iwe ya kichocho, ya amiba au ya bawasiri, kwa kuwa damu ingekoma hata mgonjwa angepewa maji ya sukari. Mgonjwa naye hurudi nyumbani akisifu dawa. Nimehesabu: baada ya mahudhurio saba kati ya kumi na moja kuna maneno kama “anaendelea vizuri” au “damu imekata” katika ukurasa unaofuata.

Kuna jambo moja ambalo halikuandikwa katika daftari lolote, yaani kwamba kuna mtu aliyemchunguza kwa kidole njia ya haja kubwa. Katika zahanati nyingi chumba cha daktari kina pazia badala ya mlango, foleni iko hatua mbili kutoka kitandani, na kumwambia mtu mzima anayestahili shikamoo yako avue na kulala upande ni jambo ambalo tabibu kijana hulikwepa kwa urahisi wa ajabu. Nililikwepa mimi mwenyewe. Lakini ni lazima niwe mkweli kuhusu faida ambayo uchunguzi huo ungekuwa nayo: kidole hufika sentimita saba au nane tu, na uvimbe wa mgonjwa huyu, kama ilivyokuja kuonekana, ulikuwa mbali zaidi. Nisingeugusa. Kile ambacho ningekigundua ni kutokuwapo kwa bawasiri, na neno hilo likifutwa mwaka 2019 swali la damu linatoka wapi lingebaki wazi, bila jibu la karibu la kulifunika.

Nilimwandikia rufaa siku ile ile. Katika hospitali ya rufaa aliongezewa damu, na baada ya siku mbili za uji mwepesi na usiku mmoja wa dawa ya kuharisha, ambao anausimulia kwa ucheshi usioweza kuandikwa hapa, alifanyiwa kolonoskopi, yaani kuchunguliwa utumbo mpana kwa mpira mwembamba wenye kamera. Sentimita 30 kutoka njia ya haja kubwa, katika sehemu ya utumbo inayopinda kama herufi S kabla ya kufikia puru, palikuwa na uvimbe wa sentimita nne ulioshika karibu nusu ya mzunguko wa ukuta, katikati ukiwa na kidonda kinachotoka damu ukiguswa. Huko juu zaidi kulikuwa na polipu mbili, yaani vinyama vidogo vilivyoota kwenye utando wa utumbo, moja ya milimita 4 na nyingine ya milimita 9, ambazo ziliondolewa papo hapo. Vipande vya uvimbe mkubwa vikapelekwa maabara.

Ripoti ya patholojia ndiyo iliyonifanya niandike kisa hiki. Ilisema mambo matatu. La kwanza, uvimbe ni saratani ya seli za tezi za utumbo. La pili, pembezoni mwa saratani bado kuna masalia ya adenoma, yaani polipu ya zamani ambayo saratani imetokea ndani yake, nayo ina displasia, yaani mabadiliko ya seli yanayoelekea saratani, ya daraja la juu upande unaogusana na saratani na ya daraja la chini upande wa mbali. La tatu, ndani ya ukuta kuna mayai machache ya kichocho, yaliyokauka kwa chokaa. Kwa maneno mengine, kioo kimoja cha darubini kilikuwa kimebeba hadithi nzima kwa mpangilio: ukisoma kutoka pembeni kwenda katikati unasoma kutoka zamani kuja leo, na mayai yale yapo hapo kama ushahidi kwamba daftari la kwanza lilisema kweli.

Ili ripoti hiyo ieleweke ni lazima kueleza polipu ni kitu gani. Utando wa ndani wa utumbo mpana haukulazwa bapa kama mkeka. Umejaa mamilioni ya vishimo vyembamba, na chini ya kila kishimo kuna seli shina zinazogawanyika bila kupumzika. Seli mpya hupanda kuelekea juu, huacha kugawanyika njiani, hufanya kazi yake ya kufyonza maji na kutoa ute, kisha huanguka na kutoka na choo, safari yote ikichukua siku chache tu. Jeni iitwayo APC, iliyo katika kromosomu ya 5, ni mojawapo ya zile zinazoamuru seli iache kugawanyika inapopanda. Kila seli ina nakala mbili. Nakala zote mbili zikiharibika katika seli moja, watoto wa seli hiyo hawasikii tena amri. Huendelea kugawanyika pale ambapo wenzao wameshatulia, na badala ya kuanguka hurundikana. Rundo hilo, likiinuka juu ya utando, ndilo polipu ya aina ya adenoma. Kwa macho ni kinyama kidogo, wakati mwingine chenye shina kama uyoga, wakati mwingine kimekaa bapa.

Bado si saratani. Mwaka 1990 Eric Fearon na Bert Vogelstein wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, walieleza kwamba safari kutoka utando wa kawaida hadi saratani hupitia makosa kadhaa yanayojumlishana, si kosa moja. Baada ya APC mara nyingi huharibika jeni ya KRAS, ambayo kosa lake hufanana na mashine ya mtumbwi iliyokwama ikiwa imefunguliwa mafuta yote: seli hupokea amri ya kukua hata kama hakuna aliyeitoa. Polipu hapo huongezeka ukubwa. Baadaye hupotea vipande vya kromosomu ya 18, na karibu na mwisho huharibika TP53, jeni ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli yenye DNA iliyoharibika au kuiamuru ife. Seli iliyofika hapo haina breki, haina mlinzi, na kila inapogawanyika hurithisha makosa mapya. Ipo pia njia nyingine, ya polipu zenye kingo kama meno ya msumeno, ambayo huanza kwa jeni tofauti, lakini masalia yaliyoonekana kwa mgonjwa huyu yalikuwa ya njia ya kwanza.

Mpaka unaotenganisha polipu na saratani ni mwembamba sana, kwani chini ya utando wa ndani kuna ukanda wa misuli unene wake ukiwa sehemu ya milimita. Seli mbaya zikiwa bado juu ya ukanda huo, hata kama zimebadilika kiasi gani, haziwezi kusafiri, kwa sababu katika tabaka hilo la utumbo mpana mishipa ya limfu ya kuzibeba ni haba mno. Polipu ikikatwa yote, mambo yamekwisha. Zikishauvuka na kuingia tabaka linalofuata, zimefika kwenye barabara kuu, na kuanzia hapo tunazungumza juu ya tezi za limfu, ini na mapafu. Ndiyo maana napata shida na msemo unaosikika hata kwa watumishi wa afya kwamba mgonjwa ana kansa ndogo ya polipu. Swali la maana ni moja: umevuka ukanda au haujavuka?

Safari hiyo huchukua muda gani? Kwa kawaida hukadiriwa kuwa miaka kumi au zaidi, na polipu nyingi haziimalizi kamwe. Ushahidi mmoja ninaoupenda kwa sababu hauwezi kurudiwa tena unatoka katika kliniki ya Mayo, Marekani, uliochapishwa mwaka 1987. Watafiti walirudi kwenye kumbukumbu za wagonjwa 226 ambao, enzi za picha za eksirei zilizopigwa baada ya kuingiza dawa ya bariamu utumboni, walionekana kuwa na polipu za milimita 10 au zaidi ambazo hazikuondolewa. Uwezekano wa saratani kuota mahali pale pale pa polipu ulikuwa asilimia 2.5 baada ya miaka 5, asilimia 8 baada ya miaka 10 na asilimia 24 baada ya miaka 20. Takwimu hizo husomeka kwa pande mbili. Kwa upande mmoja, polipu kubwa tatu kati ya nne hazikuwa saratani hata baada ya miaka ishirini, kwa hiyo anayeambiwa ana polipu hana sababu ya kwenda kuaga ndugu. Kwa upande mwingine, moja kati ya nne iligeuka, na hakuna aliyeweza kusema mapema kuwa ni ipi. Kinachojulikana ni kwamba hatari huongezeka kwa ukubwa, hasa kuanzia milimita 10, kwa umbo lenye vidole vidole vinavyoonekana katika darubini, na kwa displasia ya daraja la juu. Polipu ya chini ya milimita 5 ni nadra mno kukutwa na saratani ndani yake.

Sasa niyaweke madaftari kando ya darubini. Hakuna kipimo kinachoweza kusoma siku ya kuzaliwa ya polipu, kwa hiyo ninachosema ni makadirio. Damu ya 2013 inaelezeka vya kutosha kwa kichocho. Huenda polipu ilikuwapo ikiwa ndogo, huenda haikuwapo. Damu ya 2018 na 2019, iliyorudi bila mayai yoyote kuthibitishwa, inaingia vizuri katika miaka ambayo adenoma yenye ukubwa wa kutosha kukwaruzwa ingekuwa imekaa pale sentimita 30, bado ikiwa adenoma. Uchovu wa 2021 ni damu inayopotea kwa muda mrefu. Kama makadirio haya yanakaribia ukweli, basi siku nilipoandika neno bawasiri, ugonjwa wake ulikuwa bado ni kitu cha kukatwa kwa waya katika muda wa nusu saa, na mgonjwa akarudi Kirumba jioni ile ile.

Tiba hiyo ya waya si mpya. William Wolff na Hiromi Shinya waliifanya New York mwaka 1969: kitanzi chembamba hupitishwa ndani ya mpira wa kamera, huzungushwa shingoni mwa polipu, hukazwa na kupitishiwa umeme ili kukata na kuzuia damu kwa pamoja. Ilichukua muda zaidi kuthibitisha kwamba kukata polipu kunazuia saratani. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1993, uliofuatilia watu 1,418 walioondolewa adenoma, ulionyesha kwamba saratani ya utumbo mpana ilipungua kwa asilimia 76 hadi 90 ikilinganishwa na makundi matatu ya watu wengine. Ni saratani chache sana ambazo mtu anaweza kuzikamata zikiwa bado hazijawa saratani.

Swali ambalo mgonjwa aliuliza, na ambalo mtu yeyote wa ziwani angeliuliza, ni kama kichocho ndicho kilicholeta haya yote. Jibu langu lilikuwa la tahadhari. Kichocho cha mkojo kinakubalika kimataifa kuwa chanzo cha saratani ya kibofu. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limekiweka katika kundi la kwanza, la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani. Kichocho cha tumbo cha aina iliyopo katika Ziwa Victoria halikukiweka humo, kwa kuwa ushahidi hautoshi. Ni kweli kwamba kichocho kikali huweza kuotesha polipu zake chenyewe, lakini hizo ni za uvimbe wa mwili kupambana na mayai, si adenoma, na huweza kusinyaa baada ya prazikwanteli. Kukuta mayai makavu karibu na saratani kwa mtu aliyeishi ufukweni maisha yake yote kunafanana na kukuta magamba ya samaki katika nguo zake: kunaonyesha alikoishi tu. Kwa maoni yangu, madhara makubwa ya kichocho katika kisa hiki yalifanyika kwenye karatasi. Kilitupa jina la haraka.

Jina jingine la haraka tulipewa shuleni. Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa karibu miaka ishirini, aliona kwamba wagonjwa wake wa vijijini, waliokula nafaka zisizokobolewa na kutoa choo kingi laini, hawakuwa na saratani ya utumbo mpana kama watu wa Ulaya, na mwaka 1971 akachapisha hoja yake kuhusu nyuzinyuzi za chakula. Hoja yenyewe imedumu kwa sehemu kubwa. Tatizo ni kwamba vizazi vya wanafunzi wa tiba vilitoka nayo darasani vikiwa vimekariri kuwa saratani ya utumbo ni ugonjwa wa Wazungu, na ndivyo nilivyoipokea mimi. Mgonjwa wangu alikula ugali na sato. Hakuwahi kuvuta sigara. Pombe aliacha akiwa kijana. Chakula hupunguza uwezekano, hakimpi mtu hati ya msamaha.

Alifanyiwa upasuaji Mei 2023. Kipande cha utumbo kilichobeba uvimbe kiliondolewa pamoja na tezi zake na ncha zikaunganishwa, bila kuhitaji mfuko tumboni, jambo lililokuwa limemtisha kuliko neno saratani lenyewe. Uvimbe ulikuwa umepita misuli ya ukuta na kuingia kwenye mafuta ya nje. Tezi 15 zilichunguzwa, mbili zikakutwa na saratani. Ini na mapafu vilikuwa safi katika CT-skani. Hiyo ni hatua ya tatu, na ilimaanisha miezi ya tibakemikali, vidole kufa ganzi akishika chuma cha baridi, na msimu mzima bila kuunda mtumbwi. Zamani mgonjwa wa saratani wa Kanda ya Ziwa alitazamia safari ya Dar es Salaam, hadi taasisi ya saratani ya Ocean Road. Siku hizi hospitali ya Bugando, hapa Mwanza, ina idara yake, na hilo limepunguza idadi ya watu wanaokatisha tiba kwa kukosa nauli. Kolonoskopi ya mwaka mmoja baadaye, Juni 2024, haikukuta kitu.

Kabla ya upasuaji nilimweleza, kwa kuwa niliona ana haki ya kujua, kwamba mmoja wa mwandiko katika madaftari yale ni wangu. Alikaa kimya kwa muda. Kisha akasema, “Daktari, mtumbwi ukivuja mara nne mahali palepale, fundi hasemi tena kwamba ni mawimbi.” Hakusema kwa hasira. Alisema kama fundi anayemsahihisha kijana wa kazi, nami nilimwitikia kama kijana wa kazi.

Tangu hapo nimebadilisha mambo machache yaliyo ndani ya uwezo wa zahanati, maana kumpeleka kila mtu mwenye umri wa miaka 45 kwenye kolonoskopi, kama inavyoshauriwa Marekani tangu 2021, ni jambo ambalo vifaa na wataalamu tulio nao haviliruhusu. Simwandikii mtu bawasiri ambayo mimi au mwenzangu hatujaiona. Kama hatukuiona, daftari linasema hivyo kwa maneno kamili. Anayetibiwa kichocho kwa damu huambiwa arudi baada ya wiki sita, na damu ikiendelea wakati mayai hayapo tena, hapati dozi nyingine, anapata rufaa. Mwanaume yeyote mzima, na mwanamke aliyekoma hedhi, akiwa na upungufu wa damu wa kukosa chuma, rufaa hiyo huandikwa siku moja na vidonge. Pazia limewekewa ubao nyuma yake. Ubao huo, kwa taarifa, ulitengenezwa Kirumba bila malipo.

Limebaki suala la ndugu. Mtu ambaye mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto wake amepata saratani hii ana hatari kubwa kuliko wengine, na ushauri wa kawaida ni aanze kuchunguzwa akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu yake aligundulika, ipi ije mapema. Watoto wa fundi bado ni wadogo kwa kipimo hicho. Mkubwa ana miaka 27. Tulipouliza habari za waliotangulia tuliambiwa kwamba baba yao mdogo alikufa kwa tumbo, na neno tumbo katika historia ya ukoo linaweza kubeba chochote. Ndugu wa fundi walio hai ni watatu. Dada yake wa miaka 49 alivuka na kivuko kutoka Nansio, akachunguzwa, akakutwa salama. Mdogo wake wa miaka 46, ambaye hajawahi kuona tone la damu maishani mwake na alikuja kwa kulazimishwa na mkewe, alikutwa na polipu moja yenye shina, milimita 12, ikakatwa kwa waya siku ile ile. Maabara ilisema ni adenoma yenye displasia ya daraja la chini, iliyotoka yote, na amepangiwa kurudi baada ya miaka mitatu. Wa tatu, wa miaka 44, ni mvuvi wa dagaa katika kisiwa cha Ukara. Amemwambia kaka yake kwa simu kwamba yeye hutokwa na damu mara chache, kwamba ni bawasiri tu, na kwamba atakuja mwezi ukiwa mkubwa, wakati ambao taa hazivuti dagaa na mitumbwi hulazwa ufukweni. Mwezi umekuwa mkubwa mara mbili tangu aliposema hivyo.